Bunduki mpya ya wenzo haipigi nilipolenga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa kuwinda ukikaribia, simu yangu huanza kulia. Mtu kanunua bunduki mpya ya wenzo, yenye mkono wa chuma chini ya triga unaoushusha na kuurudisha ili kupakia risasi, ile ambayo vijana wa Ngamiani hapa Tanga wanaiita ya kauboi kwa ajili ya sinema. Kaenda kuijaribu, karudi kanuna. Risasi moja juu, moja kushoto, ya tatu haijulikani ilikokwenda. Maswali yao ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa barazani.

Namwandikia mwenye leseni, ambaye bunduki imeandikishwa kwa jina lake na anaijaribia kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma. Asiye na hayo aanzie polisi. Na kabla ya kugusa skrubu yoyote iliyotajwa hapa chini, fungua wenzo, toa risasi zote mrijani, ingiza kidole chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, uhakikishe kwa kidole, si kwa jicho peke yake.

Bunduki ni mpya, imetoka kwenye boksi lake. Inakosaje?

Upya hauna msaada kwenye shabaha. Tazama ilivyoundwa. Bunduki ya bolti, ile ya kuvuta kitasa kwa mkono, ina ubao mmoja mrefu kutoka begani hadi mbele, na kasiba, yaani mtutu, imelala humo, mara nyingi bila kuguswa na kitu. Ya wenzo ina mbao mbili, moja ya kitako na moja ya mbele, zimefungwa pande mbili za mwili wa chuma. Chini ya kasiba kuna mrija wa kuwekea risasi, umeshikwa na pete moja au mbili, na ubao wa mbele umebanwa katikati ya vyote hivyo.

Chukua sufuria, ining'inize kwa kamba, igonge kwa kijiko. Sasa ishike ukingo kwa vidole viwili, uigonge tena. Mlio umekufa. Kasiba nayo hutetema risasi inapopita ndani yake. Ikishikwa vilevile kila mara, itatetema vilevile na risasi itakwenda palepale. Ikishikwa hivi sasa, na vile baada ya dakika tano kwa sababu imepata moto au pete imelegea, usiilaumu.

Muundo huu ni wa zamani. Winchester ya 1894, iliyobuniwa na John Browning, na Marlin 336 iliyotoka 1948, ndizo zilizozaa nyingi ya hizi unazoziona leo. Zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya mtu anayetembea porini au aliye juu ya farasi, anayetaka bunduki nyepesi, bapa, ya kurudia haraka kwa mnyama aliye karibu. Kutoboa sarafu kwa mita 200 haikuwa kazi yake.

Basi nitegemee usahihi wa kiasi gani?

Kwa bunduki ya .30-30, kaliba ya kawaida ya bunduki hizi, yenye vilengeo vya wazi, risasi tano ndani ya inchi 3 hadi 4 kwa yadi 100 ni bunduki nzima. Hiyo ni kama mdomo wa kikombe kikubwa cha chai. Ukiweka darubini na ukapata inchi 2, funga boksi urudi nyumbani ukale, usitafute zaidi. Mtu akikuambia yake inapiga inchi moja kila siku, mwombe karatasi zote za siku hiyo, si ile moja aliyoipiga picha.

Lakini ukipata sentimita 20 kwa mita 50, hapo kuna kitu. Endelea kusoma.

Jambo moja zaidi, ambalo wengi hawalitaki: mwindaji anaishi kwa risasi ya kwanza, ya kasiba baridi. Mnyama hakungoji upige tano utafute wastani. Mimi hupiga risasi moja tu asubuhi, naandika tarehe kando ya tundu, naiweka bunduki. Baada ya siku tano za kwenda uwanjani, karatasi ileile ina matundu matano ya kasiba baridi. Hiyo ndiyo karatasi ninayoiamini kuliko zote.

Nianzie wapi kutafuta tatizo?

Anza na vya bei rahisi: skrubu, namna unavyoilaza bunduki mezani, wewe mwenyewe, kisha risasi. Mbao na pete baadaye. Kasiba mwisho kabisa, kwa sababu kasiba ndiyo mbovu mara chache kuliko vyote.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nimeona mtu amebadilisha risasi, amekaza darubini na amehamisha meza kwenye kivuli, vyote kwa pamoja. Shabaha ikatengemaa, akafurahi. Mwezi uliofuata ikaharibika tena, na hakujua arudishe kipi.

Skrubu zipi hasa?

Zote. Lakini kwa mpangilio huu: za kikalio cha darubini juu ya mwili wa chuma, za vishikio vya darubini, ya mkia wa chuma inayofunga kitako, na za pete na kifuniko cha ubao wa mbele.

Alikuja mzee mmoja wa Maramba, kabeba bunduki yake kwenye khanga ya mkewe, mpole kabisa, anasema, "Mwanangu, hii nimeuziwa mbovu." Risasi zake zilikuwa zinahama kutoka kushoto kwenda kulia kama mlevi. Nikaishika darubini kwa mkono mmoja na kasiba kwa mwingine, nikaisukuma kidogo. Haikucheza. Nikatia tone la mafuta mepesi pale kikalio kinapokutana na chuma, nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Mafuta yakanyonywa ndani. Mahali palipobanwa sawasawa hapanyonyi mafuta. Tulipovua vishikio na kufika chini, skrubu mbili za kikalio zilikuwa zimekazwa, na mbili zilikuwa zimekaa tu. Walioifunga walianza na darubini kabla ya kumaliza kikalio, wakasahau.

Ukizitoa, futa mafuta yote kwenye nyuzi za skrubu na kwenye matundu yake kwa spiriti, zikauke, tia tone dogo la gundi ya skrubu, ile ya buluu inayoweza kufunguka, ndipo ukaze. Ukimaliza, chukua rangi ya kucha, uchore mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika siku moja, skrubu imezunguka. Mke wangu ameshanunua chupa yake nyingine.

Bisibisi ya fundi redio au fundi cherehani itakukata kichwa cha skrubu. Ncha iwe na upana na unene wa mfereji wenyewe, ijae humo bila kucheza. Skrubu ndogo hizi hazitaki nguvu za spana ya gari. Shika bisibisi fupi kwa vidole vitatu, ikigoma umefika.

Risasi zinakusanyika vizuri, lakini si pale ninapolenga. Nayo ni mbovu?

Hapana, wewe una bahati. Bunduki inayokusanya ni nzima, imebaki kurekebisha vilengeo.

Kanuni ya kilengeo cha nyuma: kisogeze upande unaotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume chake. Ukiona risasi zote ziko chini na cha nyuma kimefika juu kabisa kwenye kile kipande chake chenye ngazi ngazi, basi cha mbele ni kirefu mno; kinapunguzwa kwa tupa, kidogo kidogo, na fundi, kwa sababu ukizidisha hakirudi.

Kipimo chake ni hesabu ya darasa la saba. Pima umbali kati ya vilengeo viwili. Tuseme ni sentimita 43. Umekosa kwa sentimita 10 kwa mita 50, yaani sentimita 5,000. Zidisha 10 kwa 43, gawanya kwa 5,000. Unapata sentimita 0.086, yaani milimita 0.86, unene wa kadi ya benki na ushei kidogo. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kugonga kilengeo kwa nyundo mara mbili tatu kunapeleka risasi nje ya karatasi.

Kwa darubini, nyingi zinasogea robo inchi kwa yadi 100 kila kitufe kinapolia tik. Ukiwa mita 50, kila tik inakupa nusu ya hapo, kama milimita tatu na nusu. Watu wanasahau hili. Wanapiga tik nane kwa kosa la sentimita 10, hawaoni badiliko kubwa, wanasema darubini imekufa. Ilikuwa inataka kama 28.

Na kabla ya yote, anza kwa mita 25. Karatasi usiyoigusa haikufundishi kitu, na risasi hizi si za kuchezea.

Nailaza bunduki kwenye meza ili isitikisike, lakini inapiga juu. Kwa nini?

Kwa sababu umeilaza kasiba, au mrija, juu ya kitu kigumu. Chuma kikikaa juu ya ubao mkavu kinaruka risasi inapotoka, na kinaruka kwenda upande usio na kitu, yaani juu.

Huku kwetu hatuna shida ya kifaa. Chukua gunia dogo la katani, jaza mchanga uliochekechwa usibaki na kokoto, lishone. Weka ubao wa mbele juu yake, karibu na mwili wa chuma, si huko mwishoni penye pete. Tia kiroba kidogo chini ya kitako. Mkono wako ushike ubao wa mbele kama utakavyoushika porini. Bunduki ya wenzo haipendi kuachwa ijilalie peke yake kama ile ya bolti. Ina uzito mdogo na inataka kushikwa, na kushikwa kwa namna moja.

Ukiwa na mkanda wa kubebea, usiuvute wakati wa kupima. Mara nyingi mkanda umefungwa kwenye pete ya mbele, na pete imeshika kasiba. Unapouvuta unaivuta kasiba.

Mbili za kwanza zinagusana, ya tatu inapanda, ya tano iko juu kabisa. Hili ni nini?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo lililonikosesha usingizi kwa bunduki yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Risasi ya kwanza na ya pili ziligusana. Ya tatu sentimita 5 juu. Ya tano sentimita 12 juu, katika mstari ulionyooka kama ngazi ya mnazi. Nikapumzisha nusu saa kivulini, nikarudia: ngazi ileile, kuanzia pale pale chini. Matundu yakitawanyika ovyo, tafuta skrubu au tafuta mpigaji. Yakipanda kwa mstari, tafuta moto.

Kasiba ikipata moto inarefuka, kidogo sana. Mrija ulio chini yake haupati moto kwa kiasi hicho, haurefuki. Kama viwili hivyo vimefungwa pamoja na pete iliyokazwa bila huruma, kimoja kinataka kwenda na kingine kinakataa, na kasiba inapinda. Ubao wa mbele nao, ukiwa umebanwa kati ya mwili wa chuma na pete bila nafasi hata ya karatasi, unaongeza yake.

Nilitoa risasi zote, nikafungua skrubu ya pete ya mbele polepole. Ilipotoka, mrija ulishuka milimita mbili wenyewe, kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya pilau. Hapo nikajua. Sehemu hizi zinatakiwa kukutana bila kulazimishana; skrubu ni ya kuzishika zilipo, si ya kuzivuta zifike.

Ili kujua ubao unabana wapi, washa kibatari, pitisha upande wa chini wa kasiba juu ya moshi wake, chemba ikiwa tupu na risasi zote zikiwa chumba kingine, mpaka kasiba ipate masizi membamba. Rudisha ubao mahali pake, ukaze, uufungue. Palipo na alama nyeusi ndani ya ubao ndipo panapogusa. Yangu ilikuwa na alama moja tu, upande wa kulia karibu na pete, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Nilipasugua kwa msasa laini uliozungushiwa kwenye kijiti, nikajaribu, nikasugua tena. Mara nne. Kisha nikapaka ndani ya ubao mafuta ya kuhifadhi mbao, kwa sababu mbao iliyosuguliwa hunywa maji.

Mrija nao nilihakikisha unapita kwenye pete yake kwa kusukumwa na kidole. Baada ya hapo risasi tano zilikaa ndani ya sentimita 8 kwa mita 90, na hazikupanda tena.

Kama hujawahi kufungua bunduki, mpelekee fundi mwenye kibali. Kazi hii ni ya saa mbili, lakini ukisugua kupita kiasi utanunua ubao mpya.

Na kama hutaki kufungua chochote, piga risasi mbili, pumzika dakika kumi, kasiba ikae wima kivulini wenzo ukiwa wazi. Jua la Tanga la saa saba mchana linatosha kuichemsha kasiba nyeusi kabla hujapiga hata moja.

Mrija ukijaa na ukiwa mtupu kuna tofauti?

Kwa baadhi, ndiyo. Risasi sita za .30-30 zina uzito, na zote zinaning'inia chini ya kasiba. Jaribu: piga tano ukiingiza moja moja, kisha piga tano ukiujaza mrija upya kila baada ya risasi moja. Kama makundi mawili yametengana, rekebisha vilengeo kwa hali utakayowindia. Tofauti ikiwa ya vidole viwili kwa mita 100, isahau.

Nitajuaje kama ni mimi?

Nunua risasi mbili za mazoezi zisizo na baruti wala fataki hai, kile kitufe cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti. Mwenzako akupangie mrijani, hai na za mazoezi, wewe usione. Lenga, fyatua. Ukifika kwenye ya mazoezi, nyundo italia tak na bunduki haitapiga. Wote mtatazama mdomo wake.

Kijana mmoja wa Muheza, mwili kama mlango, aliniapia kwamba yeye haogopi teke la bunduki. Ya tatu ilikuwa ya mazoezi. Mdomo wa bunduki ulichota chini kama jogoo anayedonoa. Akacheka mwenyewe. Yake ilikuwa .45-70, risasi kubwa ya tangu 1873, ndani ya bunduki nyepesi. Hiyo ina teke ambalo mtu ana haki ya kuliogopa. Tulirudi kwenye mazoezi ya risasi tupu kwa wiki mbili, tukaongeza mpira mzito mwisho wa kitako, na vidude vya masikioni chini ya vile vya kufunika. Kelele inaogopesha kuliko teke lenyewe.

Jambo jingine la mpigaji: mkono wa kulia unaobana wenzo. Kuna bunduki za aina hii ambazo hazifyatuki mpaka wenzo ubanwe hadi mwisho. Ukiubana sana mara moja, na kidogo mara nyingine, unaizungusha bunduki nzima bila kujua.

Triga ni nzito. Nikwangue kidogo?

Usithubutu. Nyingi hutoka zikiwa na uzito wa kilo 2 na nusu hadi 3, na zinakera kweli. Lakini ile kona ndogo inayoshika nyundo ndiyo hiyohiyo inayozuia bunduki isijifyatue ikianguka. Vuta mara mia tatu kwa risasi ya mazoezi, itajilainisha kidogo na kidole chako kitajilainisha zaidi. Ikibaki mbaya, ni kazi ya fundi.

Nitumie risasi gani?

Kwanza ya usalama. Katika mrija, risasi zinapangana mkia kwa kichwa: ncha ya moja inagusa fataki ya iliyo mbele yake. Ukiweka risasi za kichwa chenye ncha kali, teke la risasi moja linaweza kuigonga fataki ya nyingine, na mrija mzima ukakulipukia mkononi. Ndiyo sababu risasi za bunduki hizi zina vichwa bapa au vya duara. Hornady walileta miaka ya 2000 zile za LEVERevolution zenye ncha laini kama mpira, hizo zinaruhusiwa mrijani. Nyingine zenye ncha, hapana, hata kama rafiki yako amezitumia mwaka mzima bila kitu.

Zipo bunduki za wenzo zisizo na mrija, kama Savage 99 na Browning BLR, ambazo zinakula zenye ncha bila wasiwasi. Winchester ya 1895 nayo ni hivyo. Hiyo ndiyo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyokuja nayo, ya .405, aliposhuka Mombasa Aprili 1909, akaisifu sana kwa simba. Wazee wanaohadithia kwamba Roosevelt aliwinda na "kauboi kama yako" wamesema nusu kweli.

Sasa usahihi. Kila kasiba ina risasi inayoipenda. Kwa .30-30 utakutana hasa na za greni 150, yaani gramu 9.7, na za greni 170, gramu 11. Ya kwanza ina mwendo mkubwa zaidi, ya pili hutoka kwa kama mita 670 kwa sekunde. Hazitapiga mahali pamoja, usizichanganye. Nunua boksi moja la kila uzito, piga tano tano siku moja, halafu nunua za kutosha za ile iliyokusanya vizuri, kama leseni yako inakuruhusu. Najua hapa Tanga hazipatikani kila siku. Ndiyo sababu watu wanapima kwa boksi moja na kuwinda kwa jingine, kisha wanamlaumu fundi.

Usiziache ndani ya gari lililofungwa juani.

Ninaishi karibu na bahari. Chumvi inahusika?

Inahusika sana, na watu wa Raskazone na Pangani wanaijua kwa madirisha yao. Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta mazito ndani ya kasiba, ya kuzuia kutu safarini. Ukipiga bila kuyatoa, risasi ya kwanza inakwenda kwao. Safisha kwanza, pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke kikavu. Baada ya uwanjani, safisha tena na urudishe mafuta membamba, halafu kumbuka kuyakausha kabla ya kuwinda. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi au ya kitambaa; inanyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma. Niliwahi kuiacha yangu kwenye ala ya ngozi siku tisa za masika. Sina haja ya kusimulia.

Baada ya risasi kadhaa shaba ya vichwa vya risasi inabaki kwenye mifereji ya kasiba. Tumia dawa ya kuyeyusha shaba. Kitambaa kikitoka na rangi ya kijanibuluu, bado ipo.

Namna ya kusafisha nayo inaharibu. Aina ya Marlin unatoa skrubu moja ya wenzo, wenzo na bolti vinatoka, unasafishia nyuma. Aina ya Winchester ya 1894 mwili wake umefungwa nyuma, hivyo watu wanaingiza fimbo kupitia mdomoni. Fimbo ya chuma inayosugua mdomo wa kasiba kila wiki itaula upande mmoja, na mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapoguswa. Tumia kamba ya kuvuta, au kizibo cha kuongozea fimbo. Kuupima mdomo, chukua pamba, uizungushe taratibu pale ukingoni. Nyuzi za pamba zikinasa, kuna jeraha. Fundi anaweza kuukata upya, na wakati mwingine hiyo peke yake inaponya bunduki.

Ilipiga vizuri Januari, masika imeharibika.

Ubao umevimba. Rudi kwenye kibatari.

Matundu si ya duara, ni marefu kama mbegu ya tikiti.

Risasi inafika kwa ubavu. Acha kupiga. Ama si risasi ya kaliba hiyo, ama mdomo wa kasiba umeharibika vibaya, ama kasiba yenyewe. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye kasiba, ulinganishe na chini ya ganda, herufi kwa herufi.

Ikishakaa sawa, niwinde nayo nini, na kwa umbali gani?

.30-30 iliyowekwa sawa kwa yadi 100 itakuwa imeshuka kama inchi 8 kwa yadi 200. Kwa vichaka vya Handeni na Mkinga, ambako unamwona mnyama akiwa hatua 60, haina shida. Nyati hapana, kwake watu wa nchi hii wanaanzia kaliba ya .375. Kaliba ya kila mnyama, kibali chake na eneo lake ulizia TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kwani uwindaji unakwenda kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na kanuni zake. Hata nguruwe anayekumalizia mihogo shambani, ripoti kwanza. Nimesikia visingizio vingi vya nguruwe.

Nimefanya yote hayo. Niirudishe dukani?

Ndiyo, lakini usiende na maneno matupu. Muuzaji amesikia "haipigi" mara elfu, na atakujibu kwamba hujui kupiga. Nenda na karatasi: tarehe, umbali, aina na uzito wa risasi, kasiba baridi au moto, mrija mtupu au umejaa. Angalau aina mbili za risasi, na angalau wapigaji wawili. Nenda na leseni, na ujue taratibu za kusafiri na silaha kabla hujapanda basi, kwa kuwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mzaha.

Anayekuja kwangu pia namdai karatasi hizo kabla sijachukua bisibisi. Yule mzee wa Maramba alikuja mara ya pili na zake kumi na moja, amezikunja ndani ya khanga ileile. Tukazitandaza sakafuni, tukazisoma moja moja, na kwenye ya tisa akaweka kidole juu ya tundu lililokuwa peke yake pembeni, akasema, "Hii usiihesabu, nilipigiwa simu."